Mirungi: Kukopa Harusi, Kulipa Matanga

Mji wa Singida umekaa njia panda. Barabara itokayo Dodoma kupitia Manyoni na Ikungi hukutana hapo na ile itokayo Arusha kupitia Babati na Katesh, kisha safari huendelea Misigiri, Sekenke na Shelui kuelekea Nzega na Mwanza. Barabara hizo ndizo zinazopeleka alizeti, vitunguu na kuku wa Singida kwenye masoko ya mbali, nazo huwapatia riziki madereva, wapakiaji mizigo, mama lishe na waendesha bodaboda. Hata hivyo, njia inayopitisha mali hupitisha pia madhara. Mkoa huu si eneo la kilimo cha mirungi, lakini mirungi hutafunwa kwenye maegesho ya malori, vijiwe vya bodaboda na vyumba vya nyuma ya maduka.

Wanaotafuna hutoa sababu inayoeleweka. Dereva hutaka kufika Mwanza kabla ya mapambazuko, mpakiaji hutaka kumaliza lori la pili, na mwanafunzi hutaka kukesha na daftari lake. Wote wanaamini kwamba mirungi huwaongezea nguvu. Somo hili linaonyesha kwamba imani hiyo si sahihi: mirungi haiongezi nguvu mwilini, bali huikopa nguvu ya kesho na kuitumia leo. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Katika jambo hili, mkopaji ni mmoja, lakini walipaji ni kaya nzima.

Mmea wenyewe na kilichomo ndani yake

Mirungi ni machipukizi na majani machanga ya mti ambao wataalamu huuita Catha edulis. Nchini Kenya huitwa miraa, pwani hujulikana pia kama veve, na vijana wa Tanzania huiita gomba. Yemen na Ethiopia zina historia ndefu ya kuitumia, na katika Afrika Mashariki eneo linalojulikana zaidi kwa kilimo chake ni milima ya Nyambene, Meru, nchini Kenya. Nchini Tanzania imekuwa ikilimwa katika baadhi ya maeneo ya milimani ya Wilaya ya Same, mkoani Kilimanjaro.

Mwaka 1975, maabara ya Umoja wa Mataifa ilitambua kemikali inayoyapa majani hayo mabichi ukali wake. Kemikali hiyo huitwa kathinoni, na utendaji wake mwilini unafanana na wa amfetamini, dawa inayotengenezwa viwandani ambayo huchangamsha ubongo kwa nguvu. Mwaka 1980, Shirika la Afya Duniani liliitambua mirungi kuwa kileo kinachoweza kumfanya mtumiaji akitegemee kisaikolojia. Hivyo, hoja kwamba mirungi ni majani tu kama mchicha haina msingi. Tumbaku na bangi nazo ni majani.

Kathinoni haidumu. Majani yakishachumwa hugeuka taratibu kuwa kemikali nyingine dhaifu zaidi, iitwayo kathini, na baada ya siku mbili au tatu mirungi hupoteza sehemu kubwa ya makali yake. Ndiyo sababu hufungwa kwa majani ya mgomba ili isikauke, na ndiyo sababu magari yanayoibeba hukimbizwa kupita kiasi, maana mzigo ukichelewa hupoteza thamani. Kwa hiyo, hatari ya mirungi huanza barabarani, hata kabla haijatiwa kinywani.

Safari ya mwilini: saa kwa saa

Mtafunaji huweka majani na maganda ya vijiti vichanga shavuni, akayatafuna taratibu na kumeza maji yake. Kikao kimoja huweza kuchukua saa tatu, nne au zaidi. Katika nusu saa ya kwanza, moyo huanza kwenda mbio na shinikizo la damu kupanda. Ubongo humwaga kwa wingi kemikali za furaha na tahadhari. Mtafunaji husikia uchangamfu, huongea sana, hujiamini na hupanga mipango mikubwa. Njaa hutoweka na usingizi hukimbia. Hali hiyo ndiyo inayoitwa vijiweni stimu au handasi.

Baada ya saa chache mambo hugeuka. Maongezi hupungua, na mtafunaji hukaa kimya, akiwa na wasiwasi na hasira za karibu. Akilala kitandani, usingizi haumjii, ingawa mwili umechoka. Asubuhi huamka mzito, hana hamu ya kazi, moyo umesononeka. Akili yake humwonyesha tiba moja tu ya uchovu huo, nayo ni kutafuna tena.

Hapo ndipo kosa la hesabu lilipo. Nguvu aliyoiona jana haikutoka kwenye majani, kwani mirungi si chakula cha kumjenga mtu. Ilitoka kwenye akiba ya mwili wake, akiba ambayo ilikusudiwa kujazwa upya kwa chakula na usingizi. Mirungi imemnyima vyote viwili kwa mkupuo mmoja. Anayetafuna ili aondoe uchovu wa mirungi ya jana anafanana na mtu anayekopa ili alipe riba.

Viungo vinavyolipa deni

Kinywa huwa cha kwanza kuonyesha dalili. Meno hubadilika rangi, fizi huuma na kuvimba, na mdomo hukauka. Kwa kuwa mirungi ni michungu, wengi huitafuna pamoja na bazoka na soda, na sukari hiyo ikikaa kinywani kwa saa nyingi huozesha meno.

Tumbo hufuata. Mirungi ina tanini, ambayo hukausha na kukaza njia ya chakula. Matokeo yake ni kukosa hamu ya kula, kiungulia, maumivu ya tumbo na kufunga choo. Anayejikamua kila siku kwa sababu ya choo kigumu hujiweka katika hatari ya kupata bawasiri. Wapo pia wanaume wanaopata shida ya kukojoa, mkojo ukitoka kwa tabu na kwa mkondo mdogo.

Moyo nao hulazimishwa kufanya kazi ya ziada kila siku. Kwa mwenye shinikizo la juu la damu, kisukari au ugonjwa wa moyo, mzigo huo ni hatari zaidi. Uchunguzi uliofanywa na madaktari nchini Yemen umehusisha utafunaji wa mirungi na mshtuko wa moyo. Mtu mwenye maumivu ya kifua baada ya kutafuna hapaswi kusubiri yapoe, bali awahishwe kituo cha afya bila kuchelewa.

Upande wa akili, kukosa usingizi kwa siku mfululizo huleta usahaulifu, hasira na sonona. Wanaotafuna kwa wingi, hasa wale ambao tayari wana udhaifu wa afya ya akili, wanaweza kufikia hatua ya kusikia sauti zisizokuwepo au kuamini kwamba watu wanawafuatilia ili wawadhuru. Hali hiyo isichukuliwe kuwa ni kurogwa. Ni ugonjwa unaotibika, na kadiri mgonjwa anavyowahishwa ndivyo anavyopona kwa urahisi.

Wanaume wengi huamini kwamba mirungi huongeza nguvu za kiume. Uchangamfu wa mwanzo huweza kuamsha tamaa, lakini matumizi ya muda mrefu huhusishwa na kupungua kwa uwezo huo. Mama mjamzito anayetafuna huhatarisha ukuaji wa mimba, na mtoto anaweza kuzaliwa akiwa na uzito mdogo. Anayenyonyesha naye ajue kwamba kemikali ya mirungi hupita katika maziwa na kumfikia mtoto.

Jambo moja zaidi halijulikani kwa wengi. Mirungi ikitafunwa wakati wa kumeza dawa, huweza kuzuia baadhi ya dawa zisifyonzwe vizuri. Hilo limethibitishwa kwa ampisilini, dawa ya kuua bakteria. Anayetumia dawa yoyote amweleze mhudumu wa afya ukweli kuhusu mirungi, ili ushauri anaopewa uwe sahihi.

Dereva aliye macho lakini amelala

Mirungi huweza kumfanya dereva aendelee kufumbua macho, lakini haiwezi kufuta saa alizokosa kulala. Chukulia mfano wa dereva aliyeanza kutafuna saa mbili usiku Singida mjini. Kwa saa kadhaa atajiona hodari kuliko kawaida, na kwa kujiamini huko ataendesha kwa kasi na kulipita gari lingine mahali asipopaswa. Alfajiri inapokaribia, makali hushuka, na usingizi alioukwepa hurudi ghafla. Ubongo wake unaweza kuzima kwa sekunde chache huku mikono ikiwa bado imeshika usukani. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa husafiri zaidi ya mita 20 kwa kila sekunde. Katika mteremko wa Sekenke, sekunde tatu za namna hiyo zinatosha kuleta msiba.

Hali ya mwendesha bodaboda si tofauti, isipokuwa yeye hana bodi la gari la kumkinga, na nyuma yake amempakia mama wa mtu au mwanafunzi. Abiria ana haki ya kukataa kupanda chombo ambacho mwendeshaji wake anatafuna. Dawa ya kweli ya uchovu barabarani ni kuegesha mahali salama na kulala.

Hesabu ya kaya

Bei ya mirungi hutofautiana kwa mahali na msimu. Kwa ajili ya somo hili, tuseme mtu anatumia shilingi 3,000 kwa siku, pamoja na soda na bazoka, siku 6 kwa wiki. Kwa mwaka hizo ni siku 312, na fedha iliyotumika ni shilingi 936,000. Kila msomaji apige hesabu yake mwenyewe: ni magunia mangapi ya alizeti yanayopaswa kulimwa, kupaliliwa, kuvunwa na kuuzwa ili kupata fedha hiyo?

Muda nao una hesabu yake. Kikao cha saa 4 kwa siku hizo 312 ni saa 1,248. Zikigawanywa kwa siku ya kazi ya saa 8, hupatikana siku 156. Kwa mwezi wenye siku 26 za kazi, hiyo ni miezi 6 kamili. Mtafunaji wa namna hiyo hutoa nusu ya mwaka wake wa kazi, na bado hajahesabu asubuhi alizoshindwa kuamka.

Gharama hizo hazimwangukii yeye peke yake. Mke hulazimika kutafuta chakula kwa kibarua au kwa kukopa. Mtoto hurudishwa nyumbani kwa kukosa daftari au sare. Mezani, baba hana njaa, kwa hiyo haoni kwamba chungu ni kidogo. Usiku yuko macho, lakini hana utulivu wa kuzungumza na familia, na mara nyingine hasira yake huishia katika vipigo. Ndoa huingia baridi. Kijana naye, akimwona baba akitafuna, hujifunza kwamba hivyo ndivyo mwanaume anavyopumzika.

Kuna hatari nyingine inayotokana na usingizi kukataa. Baadhi ya watafunaji hunywa pombe kali au kumeza vidonge vya usingizi ili kushusha stimu. Mwili hupandishwa kwa kileo kimoja na kushushwa kwa kingine, na mtu aliyeanza na jani moja hujikuta na uraibu wa vitu viwili au vitatu.

Sheria, na swali kuhusu majirani

Swali huulizwa mara kwa mara: ikiwa Kenya hutafuna kihalali, kwa nini Tanzania iwe kosa? Swali hilo linastahili jibu. Kathinoni imewekwa chini ya udhibiti mkali wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971, lakini mmea wenyewe haukutajwa humo. Kwa sababu hiyo kila nchi imejiamulia. Kenya imeitambua miraa kuwa zao la biashara. Uholanzi iliipiga marufuku mwaka 2013, na Uingereza, ambayo kwa miaka mingi iliiruhusu, ikafuata mwezi Juni 2014. Tanzania imeiweka mirungi miongoni mwa dawa za kulevya katika Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Sheria hutofautiana kwa mipaka ya nchi, lakini madhara kwa moyo, meno na usingizi ni yale yale pande zote mbili za Namanga.

Kwa mujibu wa sheria ya Tanzania, kulima, kusafirisha, kuuza, kumiliki na kutumia mirungi ni makosa. Mwenye nyumba, duka au chombo cha usafiri anayeruhusu kwa kujua mali yake itumike kwa shughuli hizo naye anaweza kushtakiwa. Mahakama nchini zimewahukumu watu kifungo cha miaka 30 jela kwa kosa la kusafirisha mirungi.

Adhabu hiyo inawahusu kwa namna ya pekee vijana wa bodaboda na makondakta wa mabasi. Kijana anaweza kupewa mzigo uliofungwa vizuri na kuahidiwa nauli mara mbili ili aufikishe mtaa fulani. Mwenye mzigo hubaki mbali, na anayekamatwa ni mbebaji. Mzigo ambao mwenyewe hataki ufunguliwe, au ambao nauli yake imezidi kawaida, ukataliwe. Aidha, mtoto asitumwe kununua wala kupokea mirungi kwa hali yoyote.

Njia ya kutoka

Kwa kuwa mirungi ni kosa, watafunaji wengi huficha hali yao hata wanapougua. Kuficha huko huongeza madhara. Mhudumu wa afya ana wajibu wa kitaaluma wa kutunza siri ya mgonjwa, na anayefika zahanati kueleza kwamba anataka kuacha anapokewa kama mgonjwa mwingine yeyote.

Kuacha mirungi kunawezekana, na walio wengi hawahitaji kulazwa. Siku za kwanza huwa ngumu: mtu husinzia mno, huota ndoto mbaya, hukasirika haraka na husononeka. Hizo ni dalili za mwili kudai usingizi wake, na kwa kawaida hupungua kadiri siku zinavyopita. Hakuna dawa mbadala inayotolewa kwa ajili ya mirungi, na methadoni inayotolewa katika vituo vya tiba ya waraibu ni kwa watumiaji wa heroini na dawa za jamii yake. Msaada mkubwa kwa mtafunaji ni ushauri nasaha, chakula, usingizi na watu wanaomjali. Hatua zifuatazo husaidia:

1. Achague siku ya kuanza na kumweleza mtu mmoja anayemwamini, awe mke, kaka, kiongozi wa dini au rafiki asiyetafuna.
2. Aijaze saa ya kijiwe kwa shughuli nyingine. Aliyezoea kutafuna saa tisa alasiri apange bustani, mazoezi, mpira au kazi ya mikono kwa saa hiyo hiyo.
3. Ale kabla hajasikia njaa, anywe maji ya kutosha, na alale saa ile ile kila siku.
4. Asiendeshe chombo cha moto katika siku ambazo usingizi unamlemea.
5. Akirudia mara moja, asijihesabu kuwa ameshindwa. Aanze tena kesho yake.

Familia nayo ina sehemu yake. Kumfunga kamba, kumpiga au kumtangaza mbele za watu humrudisha kijiweni, kwa kuwa huko ndiko asikokaripiwa. Linalofaa ni kuzungumza naye asubuhi, akiwa hajatafuna, na kueleza jambo lililotokea nyumbani badala ya kumtukana. Mtu ambaye hajalala kwa siku kadhaa, anayesikia sauti, anayetishia kujiua au kudhuru wengine, mwenye maumivu ya kifua au aliyeshindwa kabisa kukojoa apelekwe hospitali mara moja.

Huduma huanzia karibu. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii na zahanati ya kijiji hutoa ushauri wa awali na rufaa kwenda kituo cha afya au hospitali. Mgonjwa wa akili anayehitaji ubingwa zaidi huweza kupewa rufaa hadi Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, Dodoma. Afisa Ustawi wa Jamii husaidia kaya ambayo matunzo yake yameyumba, na Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi hupokea mashauri ya vipigo. Taarifa za dawa za kulevya hupokelewa na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya kwa simu ya bure namba 119, na za ukatili dhidi ya mtoto kwa namba 116.

Kijana anayeacha huhitaji pia kazi ya kushika. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi hupata maelekezo kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

Kata inaweza kuanza na hatua ndogo. Kijiwe cha bodaboda kinaweza kukubaliana kwamba anayetafuna hapakii abiria siku hiyo. Mama lishe wa maegesho ya malori anaweza kukataa banda lake lisiwe ghala la vifurushi asivyovijua. Mwalimu anaweza kuwaeleza wanafunzi kwamba aliyekesha kwa mirungi hukumbuka kidogo kuliko aliyesoma saa mbili akalala. Na baba aliyechoka anaweza kurudi nyumbani jioni, akala pamoja na watoto wake, akalala. Nguvu ya kesho atakuwa ameipata bila kumkopa mtu.